Manusura Anapoanza Kusimulia: Mafunzo Niliyopata kwa Primo Levi

Nafundisha historia sekondari mjini Arusha, mji ambao kwa takriban miaka 20 ulikuwa makao ya mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyowahukumu waliopanga na kuongoza mauaji ya kimbari ya Rwanda. Wanafunzi wangu huuliza swali lile lile kila mwaka: watu wa kawaida waliwezaje kufanya vile? Katika kutafuta jibu lenye uzito nilikutana na vitabu vya Primo Levi, Myahudi wa Turin, Italia, mkemia kwa taaluma, aliyefikishwa katika kambi ya Wanazi ya Auschwitz mwezi Februari 1944 akiwa na umri wa miaka 24 na akatoka hai. Nimevisoma katika tafsiri ya Kiingereza, nimevirudia, na nimevisoma pamoja na darasa. Niliyojifunza humo yanatuhusu sana sisi tunaoketi kumsikiliza manusura.

1. Mateso yalianzia kwenye karatasi

Nilidhani simulizi ya Auschwitz ingeanza na treni. Levi hunirudisha nyuma zaidi, hadi 1938, serikali ya Mussolini ilipotunga sheria za ubaguzi wa rangi. Wayahudi wa Italia hawakufika hata 50,000, katika nchi ya watu zaidi ya milioni 40. Walikuwa wanasheria, wauza vitambaa, maprofesa, maofisa wa jeshi. Mwezi Agosti mwaka huo wakahesabiwa katika sensa yao peke yao. Vuli ilipofika, watoto wao walifukuzwa katika shule za serikali na walimu wao wakapoteza kazi. Ndoa kati yao na Waitalia wengine zikapigwa marufuku.

Levi alikuwa tayari chuo kikuu, na sheria iliwaruhusu waliokwisha kuanza masomo wamalize. Akapata shida kumpata profesa wa kumsimamia. Mwaka 1941 alihitimu kwa alama za juu kabisa, na cheti chake kikaandikwa kwamba yeye ni wa uzao wa Kiyahudi.

Wakati huo hakuna aliyeuawa Turin kwa sababu ya Uyahudi wake. Majirani walisalimiana kama kawaida. Lakini orodha za ile sensa zilibaki ofisini, na Wajerumani walipoivamia Italia ya kaskazini Septemba 1943, na serikali ya vibaraka wao ilipoamuru tarehe 30 Novemba Wayahudi wote wakamatwe, majina na anwani vilikuwa tayari. Levi alikamatwa tarehe 13 Desemba huko milimani, pamoja na wapiganaji wachache wa msituni ambao walikuwa hawajajua hata kupigana.

Tangu nisome hayo, darasani siwaruhusu wanafunzi waanze na vyumba vya gesi. Tunaanza na sensa, kisha shule, kisha ajira, kisha mali, ndipo treni. Wakifuata mpangilio huo wanaona wenyewe ni mahali pangapi mtu wa kawaida angeweza kukataa bila hata kuhatarisha maisha yake.

2. Hesabu ndogo huingia moyoni

Wayahudi milioni sita waliuawa. Nimeandika tarakimu hiyo ubaoni mara nyingi, na nimewaona wanafunzi wakiinakili kama wanavyonakili urefu wa mto. Levi ana hesabu nyingine. Tarehe 22 Februari 1944 watu 650 walipakiwa katika mabehewa 12 ya mizigo kutoka kambi ya Fossoli, karibu na Modena. Walipofika Auschwitz, wanaume 96 na wanawake 29 walichaguliwa kwa kazi. Wote waliobaki, zaidi ya 500, walikuwa wamekufa kabla ya siku mbili kupita. Katika behewa la Levi mlikuwa na watu 45. Wanne tu ndio walioziona tena nyumba zao, na anasema behewa lake lilikuwa na bahati kuliko mengine.

Halafu anasimulia usiku wa mwisho pale Fossoli. Walikwisha kuambiwa kwamba asubuhi wataondoka. Kina mama wakapika chakula cha njiani. Wakawaogesha watoto, wakafunga mizigo, na kulipopambazuka seng'enge ya kambi ilikuwa imejaa nguo za watoto zilizoanikwa zikauke kwa upepo.

Hapo ndipo darasa langu hunyamaza. Msichana mmoja aliwahi kuuliza kwa nini wafue, ilhali wanajua wanapelekwa kufa. Mwenzake akamjibu kabla yangu: mtoto akiamka atahitaji nepi kavu. Nadhani hakuna maelezo yangu yoyote kuhusu siasa za Hitler yaliyowahi kufika pale jibu lile lilipofika.

3. Udhalilishaji ulipangwa

Levi hakupelekwa kwenye kambi kuu. Alipelekwa Monowitz, kambi iliyojengwa kandokando ya kiwanda kikubwa cha kampuni ya IG Farben kilichokusudiwa kutengeneza mpira bandia. Maelfu ya watumwa walikufa wakikijenga, na mpira wenyewe haukuwahi kutoka hata kilo moja. Pale alinyolewa, akavuliwa kila alichokuwa nacho, akachanjwa namba mkononi: 174517. Kuanzia siku hiyo aliitwa kwa namba hiyo, na kwa Kijerumani, lugha ambayo wafungwa wengi hawakuijua. Asiyeielewa amri alipigwa, na Levi anaamini wenzake wengi wa Italia walikufa haraka kwa sababu hiyo.

Kuna jambo moja dogo ambalo limenikaa kuliko mengine. Wafungwa walipewa supu, lakini hawakupewa kijiko. Mgeni aliinywa kwa kuilamba kama mbwa hadi apate kijiko cha kununua kwa mkate wake, mkate ambao ndio uliomweka hai. Mtu angeweza kusema ilikuwa vita, vitu vilikuwa haba. Lakini kambi ilipokombolewa, maelfu ya vijiko vilikutwa ghalani, vingine vya fedha, vilivyotoka kwenye mizigo ya watu waliowasili. Vilikuwapo siku zote.

Nilipoyasoma hayo niliacha kuusoma ukatili wa Wanazi kama hasira iliyopita kiasi. Anayeficha vijiko hana hasira. Amekaa, amefikiri, amepanga ni kwa njia gani mtu mzima aliyekuwa na heshima zake ataonekana mnyama machoni pa askari, na mwishowe machoni pake mwenyewe. Ndiyo maana Levi anamkumbuka kwa heshima mfungwa mwenzake, askari wa zamani wa Vita ya Kwanza ya Dunia, aliyenawa kila asubuhi kwa maji machafu, bila sabuni, akijifuta kwa koti lake. Alimkaripia Levi kwa kuacha kunawa.

4. Fundi mwashi wa Fossano

Wanafunzi wakishaingia giza hili huwa wanauliza: sasa mtu mmoja angefanya nini? Ninawasimulia habari za Lorenzo Perrone.

Lorenzo alikuwa mwashi, mtu wa Fossano, mji mdogo kusini mwa Turin. Hakuwa Myahudi wala mfungwa. Kampuni ya Kiitalia ilimleta Auschwitz kama kibarua wa kulipwa, kujenga kuta. Alikuwa mkimya kupita kiasi na hakuwa na elimu kubwa. Alipokutana na Levi mwaka 1944, na kumtambua kwa lahaja kuwa ni mtu wa kwao, alianza kumletea supu na kipande cha mkate. Alifanya hivyo kila siku kwa miezi sita. Raia aliyekamatwa akishirikiana na Wayahudi angeweza kutupwa kambini yeye mwenyewe. Alimpa Levi fulana yenye viraka. Alimwandikia barua Italia na kumletea majibu. Hakuomba malipo, na Levi alipotaka kumlipa alikataa.

Levi anasema anaamini yuko hai kwa sababu ya Lorenzo, na hazungumzii ile supu peke yake. Kwa kuwapo kwake tu, Lorenzo alimkumbusha kwamba nje ya seng'enge bado kuna dunia ya haki, ambayo inafaa mtu ajihifadhi hai kwa ajili yake.

Wengi wanaosimulia kisa hiki huishia hapo, na mimi naona hawatendi haki. Vita vilipokwisha Lorenzo alirudi Italia kwa miguu, akitembea kwa miezi. Kabla hajafika kwao alipita Turin, akamtafuta mama yake Levi na kumwambia kwa maneno machache kwamba Wayahudi wa Monowitz wamekufa, heri akubali tu. Levi aliporudi alimwendea Fossano na kumkuta mtu aliyechoka na maisha. Hakujenga tena. Alizunguka vijijini akinunua na kuuza vyuma chakavu, akinywa pombe, akilala nje hata kwenye theluji. Levi alimtafutia kitanda hospitalini, naye akatoroka. Alifariki mwaka 1952. Hakuwa mfungwa hata siku moja, lakini aliyoyaona yalimuua polepole. Levi aliwapa watoto wake wote wawili majina yenye jina lake, Lisa Lorenza na Renzo. Mwaka 1998 taasisi ya Yad Vashem ya Jerusalem ilimtambua Lorenzo miongoni mwa watu wema wa mataifa mengine waliookoa Wayahudi.

5. Usiwe mwepesi wa kumhukumu aliyeteswa

Kambini walikuwapo wafungwa waliopewa madaraka madogo: kugawa supu, kusimamia kikosi, kupiga wenzao. Levi alilitafakari jambo hili miaka 40, na katika kitabu chake cha mwisho kuhusu kambi, kilichotoka 1986, alilipa sura nzima. Anakataa kuwahukumu kwa haraka wale walioinama ili waishi siku moja zaidi. Vilevile anakataa kabisa hoja ya kwamba basi sote tuna hatia sawa. Muuaji ni muuaji, na aliyejenga kambi anawajibika hata kwa yale aliyowalazimisha wengine kuyatenda. Nimeona watu wazima wenye elimu wakishindwa kuyashika mambo haya mawili kwa pamoja.

6. Kukombolewa hakumalizi mateso

Januari 1945 Wajerumani waliwaswaga wafungwa wenye nguvu wakatembee kwenye theluji kuelekea magharibi. Wengi walikufa njiani, akiwamo Alberto, rafiki mpenzi wa Levi. Levi alibaki kwa sababu alikuwa mgonjwa. Kwa siku kumi, yeye na Wafaransa wawili waliwahudumia wagonjwa wenzao katika kambi iliyotelekezwa, wakatafuta viazi na jiko la kuni. Jiko lilipowaka, wagonjwa walikubaliana kila mmoja awakatie wale watatu kipande cha mkate wake. Siku moja kabla, jambo kama hilo lisingewezekana. Levi anasema hapo ndipo alipojua kambi imekufa.

Askari wa Kisovieti walifika tarehe 27 Januari. Levi anawakumbuka vijana wanne juu ya farasi, kimya, wakiona haya kwa waliyoyaona. Halafu watu wakaendelea kufa. Alikuwapo mtoto wa miaka kama mitatu, namba imechanjwa kwenye mkono wake mdogo, miguu haiwezi kusimama, hakuna aliyemjua mzazi wake wala jina lake. Wagonjwa walimwita Hurbinek. Alikufa Machi 1945, akiwa huru, kabla hajajifunza kusema. Habari zake zipo duniani kwa sababu Levi aliziandika.

Safari ya kurudi Turin ilimpitisha Poland, Belarusi, Ukraine, Romania, Hungaria na Austria. Alifika tarehe 19 Oktoba 1945, amevimba, ana ndevu, nguo zimechanika. Mama yake na dada yake walikuwa hai, na nyumba ilikuwapo. Wayahudi wengi wa Poland hawakupata hata hilo. Waliorudi walikuta watu wengine wanaishi katika nyumba zao, na katika mji wa Kielce, tarehe 4 Julai 1946, mwaka mzima na zaidi baada ya Hitler kufa, umati uliwaua Wayahudi zaidi ya 40 walionusurika vita. Manusura kwa makumi ya maelfu waliishi miaka kadhaa katika kambi za wakimbizi kwenye ardhi ya Ujerumani yenyewe, wakisubiri nchi ya kuwapokea.

7. Yaliyopita ni ndwele

Wakiwa kambini, wafungwa wengi waliota ndoto moja. Levi aliiota pia: yuko nyumbani, dada yake yupo na marafiki, anaanza kuwasimulia njaa na vipigo, kisha anagundua hawamsikilizi. Wanazungumza mambo yao. Dada yake anainuka, anaondoka bila neno.

Ndoto hiyo ilikaribia kutimia mchana kweupe. Alipofika nyumbani aliandika kama mtu anayetapika sumu, na kitabu kilikamilika upesi. Mchapishaji mkubwa wa mji wake alikikataa. Mwaka 1947 mchapishaji mdogo alichapa nakala 2,500, na sehemu kubwa ya zilizobaki bila kununuliwa ziliharibiwa baadaye na mafuriko mjini Florence. Watu wa Italia walikuwa wanajenga upya nchi, wanataka kusahau. Levi akaajiriwa kiwanda cha rangi na kukaa huko karibu miaka 30. Ilimlazimu kusubiri hadi 1958, yule mchapishaji wa kwanza alipokichapa upya, ndipo dunia ikaanza kumsikia.

Nayaandika haya nikimkumbuka mama mmoja wa mtaani kwetu, Mnyarwanda, muuza vitenge. Jioni moja, katika kikao cha kikoba, neno fulani lilimgusa akaanza kusimulia mwaka 1994. Hakufika mbali. Mtu mmoja, kwa sauti ya upole na nia njema kabisa, akamwambia: dada, yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Wengine wakaitikia, wakamwombea. Akatabasamu, akarudi kwenye hesabu za marejesho. Siku nyingine alinisimulia mimi, barazani kwake, na sikutia neno hadi alipomaliza. Aliyoyasema ni mali yake, siyaandiki hapa.

Methali hiyo ni njema kwa ugomvi wa ndugu juu ya shamba au maneno ya harusini. Kumwambia hivyo mtu ambaye ukoo wake umefutwa ni kumfungia mlango. Kwake yaliyopita ni ndwele, tena ndwele inayozidi kila anaponyamazishwa. Vivyo hivyo na haraka yetu ya kumtaka asamehe. Levi hakutafuta kisasi, lakini hakusamehe kwa sababu tu watu walimtaka asamehe. Alisema msamaha wake ni kwa yule anayeonyesha kwa matendo, na mapema, kwamba ameutambua uovu na ameuacha. Naiona heshima kubwa katika msimamo huo, na natamani viongozi wetu wa dini wangeufikiria kabla ya kumpa manusura kipaza sauti aseme amesamehe.

8. Walioshuhudia yote hawakurudi

Levi aliandika kwamba manusura kama yeye si mashahidi kamili, maana walionusurika ni wachache waliopata bahati au ujuzi fulani. Waliofika chini kabisa hawakurudi kusimulia.

Miongoni mwa hao wasiorudi yumo mtu aliyezungumza Kiswahili. Bayume Mohamed Husen alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, mtoto wa askari, na akiwa bado kijana mdogo aliitumikia Ujerumani katika vita ya kwanza. Mwaka 1929 alikwenda Berlin kudai malipo ya jeshi ambayo yeye na baba yake hawakulipwa. Alinyimwa. Akabaki huko, akafanya kazi ya uhudumu, akawasaidia Wajerumani kujifunza Kiswahili chuo kikuu, akaigiza katika sinema. Mwaka 1941 Wanazi walimkamata kwa kosa la uhusiano na mwanamke Mzungu, wakamtupa kambi ya Sachsenhausen. Alikufa humo tarehe 24 Novemba 1944. Hakuacha kitabu. Tunamjua kupitia barua zake za madai, majalada ya polisi na kazi ya watafiti walioyafukua, na leo jina lake liko kwenye jiwe la ukumbusho katika njia ya watembea kwa miguu mjini Berlin. Wanafunzi wangu hawakuwa wamewahi kulisikia.

9. Mahakama nayo ilitakiwa kusikiliza

Raphael Lemkin, mwanasheria Myahudi wa Poland, aliyekimbilia Marekani na kupoteza ndugu 49, ndiye aliyelipa kosa la mauaji ya kimbari jina mwaka 1944 na kuhangaika hadi Umoja wa Mataifa ukapitisha mkataba wa kulizuia na kuliadhibu, tarehe 9 Desemba 1948. Mkataba huo ulikaa nusu karne bila mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa kosa hilo. Hukumu ya kwanza ilisomwa hapa Arusha, tarehe 2 Septemba 1998, dhidi ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba nchini Rwanda. Iliwezekana kwa sababu wanawake wa kijijini, wakitambulishwa kwa herufi tu ili kulinda usalama wao, walisafiri wakasimulia mbele ya majaji waliyotendwa, pamoja na kubakwa. Walisikilizwa hadi mwisho, na hukumu ikatamka kwamba hata ubakaji unaweza kuwa tendo la mauaji ya kimbari.

Walionusurika Auschwitz wakiwa watu wazima karibu wote wameshafariki. Levi mwenyewe alifariki tarehe 11 Aprili 1987, katika jengo lile lile alilozaliwa. Manusura wa Rwanda, Burundi na Kongo wako hai, wengine ni majirani zetu. Mmoja wao akianza kusimulia, zima redio, mwache amalize. Akikuruhusu, andika: jina la kijiji, majina ya waliokufa, tarehe, nani alifunga mlango na nani alifungua. Andika mwaka huu.